Scarface wa Houston: uanze na albamu ipi, na je, kweli aligeuka?

Msomaji mmoja wa Morogoro ameandika kwamba alimfahamu Scarface kupitia "Smile", wimbo ambao rapa huyo wa Houston alimshirikisha Tupac Shakur, na kwamba tangu hapo amejaribu kuzisikiliza albamu zake bila kupata mpangilio. Anasema ni nyingi mno, kwamba baadhi zina jina la Scarface kwenye jalada ilhali mwenyewe hasikiki sana ndani yake, na kwamba amesoma mahali kuwa msanii huyo alianza na rapu ya kijambazi kisha akageukia mambo ya kiroho. Anauliza aanzie wapi, na kama habari hiyo ya kugeuka ina ukweli.

Ndugu msomaji, nitatanguliza jibu, kisha nieleze sababu zake. Anza na The Diary ya mwaka 1994. Ukishaizoea, rudi nyuma hadi Mr. Scarface Is Back ya 1991, halafu nenda The Fix ya 2002, na baada ya hapo Deeply Rooted ya 2015. Ukizijua hizo nne, nyingine zote utaweza kuzipanga mwenyewe katikati yake. Kuhusu kugeuka, siikubali simulizi uliyoisoma, ingawa naelewa ilikotoka. Hofu ya kifo, swali la hukumu na dhamiri inayomnyima mtu usingizi vilikuwamo katika mashairi yake tangu alipokuwa kijana wa miaka 20. Kilichobadilika ni mahali anaposimama msimulizi: kwanza anazungumza kama mtenda, baadaye kama shahidi, na mwishoni kama mzee wa mtaa aliyebaki hai wakati wengi wa rika lake wamekwisha kuzikwa. Ukisikiliza kwa kufuata nafasi hiyo ya msimulizi, albamu zake zinakuwa kazi moja ndefu iliyochukua karibu miaka 25, na ndiyo maana nakusihi usizisikilize kwa kurukaruka.

Jina lake halisi ni Brad Jordan. Alizaliwa Houston, Texas, Novemba 1970, akakulia South Acres, upande wa kusini wa jiji hilo, katika ukoo wenye wanamuziki. Johnny Nash, mwimbaji wa Houston aliyeshika nafasi ya kwanza nchini Marekani mwaka 1972 kwa "I Can See Clearly Now", alikuwa jamaa yake wa ukoo. Alijifunza gitaa angali mdogo, na kabla ya kujulikana kwa mashairi alikuwa DJ aliyejiita Akshen. Mwenyewe ameeleza hadharani, katika mahojiano na katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2015, kwamba utotoni aliandamwa na sonona kiasi cha kujaribu kujiua na kulazwa katika wodi ya wagonjwa wa akili. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu bila kulijua utadhani kwamba mashairi yake kuhusu kifo ni mapambo ya kutisha yaliyozoeleka katika rapu ya wakati ule, na utakuwa umeikosa kazi yake tangu mlangoni.

Lebo iliyomchukua ni Rap-A-Lot, iliyoanzishwa na James Prince pale pale Houston katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Wakati huo biashara ya rapu ilikuwa na makao mawili, New York na Los Angeles, na kijana wa Texas aliyetaka kusikika hakuwa na ofisi ya kampuni kubwa ya kubisha hodi karibu na kwao. Prince alikuwa na kundi lililoitwa Geto Boys, ambalo baada ya albamu yake ya kwanza alilipanga upya kwa kuwaingiza Willie D na huyu Akshen, pamoja na Bushwick Bill, ambaye hapo awali alikuwa mchezaji wa jukwaani, na DJ Ready Red. Albamu yao ya 1989, Grip It! On That Other Level, ilikuwa na wimbo wenye jina "Scarface", uliochukua mhusika na maneno kutoka katika filamu ya 1983 ambayo Al Pacino anaigiza mfanyabiashara wa kokeni wa Miami. Wimbo ukapendwa, jina likamganda mwandishi wake, na Akshen akafifia.

Hapa ni lazima niseme wazi jambo ambalo wapenzi wa Geto Boys mara nyingi hulipita haraka. Nyimbo zao za mwanzo zina ukatili mkubwa, hasa dhidi ya wanawake, na sehemu kubwa yake haina kisingizio chochote cha kisanii ninachoweza kukupa. Mwaka 1990 mtayarishaji Rick Rubin alizichukua nyingi ya nyimbo hizo na kuzitoa upya katika albamu iliyoitwa kwa jina la kundi, na kampuni ya Geffen, iliyokuwa na mkataba wa kusambaza kazi za lebo yake, ikakataa kuigusa, hata ikabidi Rubin atafute msambazaji mwingine. Huhitaji kuisikiliza albamu hiyo ili umwelewe Scarface. Inatosha kujua kwamba alitokea humo, na kwamba mwaka mmoja tu baadaye alikuwa ameandika kitu ambacho hakuna aliyekitarajia kutoka kwa kundi lile.

Kitu hicho ni "Mind Playing Tricks on Me", kutoka katika albamu ya kundi ya 1991, We Can't Be Stopped. Mdundo wake umejengwa juu ya kipande cha gitaa cha Isaac Hayes, kilichotoka katika muziki aliotungia filamu mwaka 1974, nacho ni kipande laini, chenye huzuni ya jioni, kisichofanana kabisa na vishindo vya kundi hilo. Scarface aliuandaa wimbo huo kwa ajili ya albamu yake binafsi, na beti tatu kati ya nne ziliandikwa naye. Willie D aliandika ubeti wake. Scarface anafungua akiwa chumbani usiku, anakodolea macho mishumaa, hawezi kulala, anahisi kuna mtu anayemfuata, na kadiri maneno yanavyoendelea tunaanza kushuku kwamba anayemfuata ni yeye mwenyewe. Katika ubeti wa tatu anamkumbuka mwanamke aliyempenda na kumwacha, na anasema wazi kwamba amefikiria kuyakatiza maisha yake. Ubeti wa mwisho, unaosomwa na Bushwick Bill, unasimulia mapigano ya usiku na jitu la kutisha, kisha jitu linatoweka, na mpiganaji anajikuta akipiga zege kwa mikono inayovuja damu.

Wimbo huo ulifika nafasi ya 23 katika chati kuu ya nyimbo ya Billboard na kuisukuma albamu kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Umuhimu wake kwetu ni kwamba rapa anayejitangaza kuwa jambazi anakiri ugonjwa wa hofu, mbele ya hadhira iliyofundishwa kwamba jambazi haogopi. Hakuna mahubiri ndani yake wala toba. Basi, anayesema kwamba mambo ya rohoni yaliingia baadaye katika kazi ya Scarface inabidi aueleze kwanza wimbo huu, uliotoka kabla hajatimiza miaka 21.

Mr. Scarface Is Back ilifuata miezi michache tu baadaye, Oktoba 1991. Humo msimulizi ndiye mtenda. Wimbo unaobeba jina la albamu ni biashara ya madawa ya kulevya inayoharibika hatua kwa hatua, ukisimuliwa kwa nafsi ya kwanza na kwa mwendo wa haraka, kila mlango na kila silaha ikitajwa, bila nafasi ya kutafakari. Ukiisikiliza albamu hii baada ya The Diary, kama nilivyokushauri, utaona jinsi alivyokuwa tayari fundi wa simulizi ingawa bado hajajua la kufanya na ukimya. Hata hivyo mbegu zimo. "A Minute to Pray and a Second to Die", uliojengwa juu ya wimbo wa Marvin Gaye kuhusu maisha ya wanyonge wa mijini, unampa muuaji sauti na wakati huo huo unamhesabia gharama. "Diary of a Madman" unaleta wazo la mtu anayejiandikia siku zake akiwa hana hakika na akili yake, wazo ambalo hakuliacha tena: lilizaa jina la albamu ya 1994, na zaidi ya miaka 20 baadaye akalitumia jina la wimbo huo kwa kitabu chake cha maisha.

The World Is Yours ya 1993 nitaipita kwa kifupi. Ni ndefu kupita kiasi, na nyimbo kadhaa ndani yake zingeweza kuondolewa bila hasara. Ilifika nafasi ya 7 katika chati ya albamu, na inafaa kusikilizwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni "Now I Feel Ya", ambamo anazungumza kama mtoto aliyeanza kuwaelewa wazazi baada ya kuwa mzazi. Ni mara ya kwanza sauti ya utu uzima inasikika wazi katika kazi yake. Ya pili ni ujio wa prodyuza N.O. Joe, mtu wa New Orleans, aliyeleta kinanda cha kanisani, besi zinazopigwa kwa mkono na midundo isiyo na haraka. Kuanzia hapo sauti nzito ya Scarface, inayotamka kila neno hadi mwisho wake, ilipata nyumba iliyoijengewa kwa kipimo.

Sasa The Diary. Ilitoka Oktoba 1994, ikashika nafasi ya 2 katika chati ya albamu 200 za Billboard, ikathibitishwa kuwa platinamu, yaani nakala milioni moja. Yote haina hata dakika 45, na ufupi huo ni sehemu ya ubora wake, kwa sababu hakuna wimbo unaosubiriwa uishe. N.O. Joe yumo, pamoja na Mike Dean, mpigaji vyombo kutoka Angleton, mji mdogo wa Texas, ambaye wasikilizaji wa leo wanamfahamu zaidi kwa kazi alizofanya baadaye na Kanye West. Piano, nyuzi na gitaa vimepangwa kwa namna inayoacha nafasi tupu, na ndani ya nafasi hizo Scarface anasema polepole kama mtu anayetoa ushahidi barazani, asiyetaka neno lake lieleweke vibaya.

Kiini cha albamu ni "I Seen a Man Die". Kijana anatoka gerezani baada ya miaka 7, anampa baba yake mkono, ana nia ya kweli ya kuishi maisha mapya, lakini dunia aliyoikuta nje haina kazi wala nafasi yake, naye anarudi taratibu katika mambo aliyoyaacha. Mpaka hapa ni hadithi ambayo marapa wengine wangeweza kuisimulia. Tofauti inakuja anapokaribia kufa, kwa sababu msimulizi anaacha kumzungumzia kama mtu wa tatu na kuanza kumwelekea yeye, ana kwa ana: anamtuliza, anamwambia apumue taratibu, anamweleza anachokiona, anamsindikiza. Ni nafasi ambayo katika jamii nyingi hupewa jamaa wa karibu au kiongozi wa dini, na Scarface anaichukua bila kujifanya kiongozi wa dini. Hatuambiwi kwamba kijana aliadhibiwa kwa haki, wala hatuombwi kumsamehe. Tunabaki naye hadi pumzi ya mwisho. Sijapata wimbo wa rapu unaokabili kufa kwa mtu kwa heshima inayozidi hiyo.

Nakuomba usikilize wimbo huo sambamba na "No Tears", uliomo katika albamu hiyo hiyo, ambamo msimulizi yuko kwenye maziko ya rafiki yake na badala ya kulia anapanga kisasi. Wasikilizaji wanaotaka msanii ageuke husema wimbo mmoja ni wa Scarface wa zamani na mwingine wa Scarface mpya. Lakini alivirekodi vyote katika kipindi kimoja, akavitia katika albamu moja, na mtu yule yule ndiye anayezungumza katika vyote viwili, maana aliyefiwa ana uwezo wa kuomba rehema asubuhi na kutaka damu jioni. Kuviweka pamoja bila kuvipatanisha kulihitaji ujasiri, na ujasiri huo ndio unaonifanya niiweke albamu hii juu ya nyingine zote. Wimbo "Hand of the Dead Body", akiwa na Ice Cube na Devin the Dude, unajibu lawama za wakati ule, wanasiasa na vyombo vya habari walipoishutumu rapu kwa vurugu za mitaani. Nao una hoja ya maana, ingawa kwa sikio langu ni kazi ya kawaida ukilinganishwa na hizo mbili.

Kumbuka pia kipindi chenyewe. Agosti 1995, katika tuzo za jarida la The Source mjini New York, kundi la rapu la OutKast wa Atlanta walizomewa walipotangazwa washindi, na André, mmoja wao, akasimama kusema kwamba Kusini ina neno la kusema. Tukio hilo hutajwa kama mwanzo wa enzi ya Kusini, na lina haki ya kukumbukwa. Lakini wakati André anasema hayo, Scarface alikuwa tayari na albamu tatu binafsi, moja ikiwa imefika nafasi ya 2 Marekani nzima. Kusini ilikuwa inasema siku nyingi.

The Untouchable, iliyotoka Machi 1997, ndiyo albamu yake pekee iliyofika nafasi ya kwanza, na ndimo ulimo wimbo ulioupenda wewe. Iliingia sokoni siku mbili baada ya The Notorious B.I.G. kuuawa Los Angeles, na miezi sita hivi baada ya kifo cha Tupac huko Las Vegas, kwa hiyo "Smile" ulisikika kama salamu kutoka kaburini. Ulifika nafasi ya 12 katika chati ya nyimbo, ukiwa wimbo wake uliopanda juu kuliko zote. Ukiurudia sasa, usimsikilize Tupac peke yake. Sikiliza jinsi sauti hizo mbili zinavyotofautiana: Tupac anasukuma maneno kwa joto, kama anayekimbizana na saa, na Scarface anayaweka chini moja moja. Kiitikio cha Johnny P, chenye ladha ya kwaya, kinawaunganisha. Albamu yenyewe, hata hivyo, si bora kuliko iliyoitangulia. Ina wageni wakubwa kama Dr. Dre, Ice Cube na Too $hort, ina midundo iliyosafishwa kwa ajili ya redio, na katika nyimbo kadhaa unahisi msanii anatimiza matarajio ya soko badala ya kuandika kilichomsumbua. Nafasi ya kwanza aliistahili, ila nadhani alikuwa analipwa deni la The Diary.

Sasa kuhusu albamu zenye jina lake ambazo mwenyewe hasikiki. Bila shaka umekutana na My Homies ya 1998, ambayo ni mkusanyiko mrefu wa sehemu mbili, na My Homies Part 2 ya 2006. Ilikuwa desturi ya lebo za Kusini miaka ile kulitumia jina la msanii mkubwa ili kuwatambulisha wasanii wengine wa nyumba hiyo hiyo, na Scarface yumo humo kama mwenyeji anayekaribisha wageni. Kuna pia Balls and My Word ya 2003, ambayo Rap-A-Lot waliitoa kwa kukusanya rekodi zilizokuwa zimebaki wakati yeye alikuwa amehamia kwingine. Usiihesabu kama hatua katika safari yake. Zote tatu ziache mpaka uwe umezimaliza nyingine, na hata ukiziacha kabisa hutapungukiwa na kitu.

The Last of a Dying Breed ya 2000 ni tofauti. Hiyo ni albamu yake halali, nzuri kuliko sifa zake, na mwaka uliofuata tuzo za The Source zilimtaja kuwa mwandishi bora wa mashairi. Ila tukio kubwa la mwaka 2000 kwake, kwa maoni yangu, liko kwenye albamu ya mtu mwingine. Jay-Z alimwalika kurekodi "This Can't Be Life" pamoja na Beanie Sigel, juu ya mdundo wa prodyuza kijana aliyeitwa Kanye West. Siku ya kurekodi Scarface alipigiwa simu na kuambiwa kwamba mtoto wa rafiki yake amefariki. Akaacha alichokuwa anakusudia, akauandika ubeti wake kuhusu simu ile na kuhusu jinsi mtu anavyokosa neno la kumwambia mfiwa. Ubeti mmoja tu, katika wimbo wa wageni, na wengine wawili waliomo humo, ambao si waandishi wadogo, wanabaki kama wasindikizaji.

Kutoka hapo njia ya kwenda The Fix ilikuwa wazi. Scarface alikuwa amepewa uongozi wa Def Jam South, tawi la Kusini la kampuni ya New York, na chini ya tawi hilo Ludacris wa Atlanta alitambulishwa kwa Marekani nzima. Mtoto wa South Acres aliyekuwa hana ofisi ya kubisha hodi sasa alikuwa ndani ya ofisi, akiwafungulia wengine. Agosti 2002 akaitoa The Fix chini ya jina hilo, ikafika nafasi ya 4, na The Source wakaipa alama zao za juu kabisa, maikrofoni tano, ambazo ni albamu chache sana zilizowahi kuzipata.

Sauti ya albamu hii ina uangavu ambao kazi zake za Rap-A-Lot hazina. Kanye West, aliyekuwa bado hajatoa albamu yake mwenyewe, alitengeneza nyimbo kadhaa, ukiwemo "Guess Who's Back" ambao Jay-Z na Beanie Sigel wanarudisha fadhila, na "Heaven" pamoja na Kelly Price. Maprodyuza The Neptunes walitengeneza "Someday" wenye sauti ya Faith Evans. Nas yumo katika "In Between Us". Kwa msanii mwingine wa umri wake, orodha kama hiyo ingekuwa dalili ya kutafuta vijana wa kumbeba. Hapa mambo yako kinyume, wageni wanaingia katika hali yake, na hata Neptunes, waliokuwa wakitengeneza muziki wa disko kwa kila mtu, wanampa kitu cha kuombea.

Wimbo wa kuanza nao ni "On My Block", unaotumia piano ya Roberta Flack na Donny Hathaway kutoka katika wimbo wao wa 1972 wa kupendana na kujivunia weusi. Scarface anautembelea mtaa wake nyumba kwa nyumba: wanaouza, wanaokunywa, wanaosali, wanaotoka jela, wazee waliokaa nje. Hakuna anayelaumiwa. Mwaka 1991 angekuwa mmoja wa wahusika hao, mwaka 1994 angekuwa amesimama kando ya mmoja wao anayekufa. Mwaka 2002 anawajua wote kwa majina na anawasimulia kama jamaa zake. Katika "Someday" na "Heaven" anamtaja Mungu waziwazi, na bila shaka hapo ndipo ilipozaliwa ile habari ya kugeuka uliyoisoma. Lakini "In Cold Blood" iko katika albamu hiyo hiyo, baridi na ya kutisha kama chochote alichowahi kuandika. Mtu aliyegeuka hangeiweka.

Kati ya 2003 na 2015 nitakutajia mbili. Made ya 2007 ni kazi ya fundi aliyerudi karakana yake ya zamani Houston, akiwa na N.O. Joe na Mike Dean, na ina wimbo mgumu kuusikiliza, "Suicide Note", kuhusu rafiki aliyejiua na maswali yanayobaki kwa walio hai. Soma jambo hilo pamoja na yale niliyokueleza kuhusu utoto wake. Emeritus ya 2008 ilitangazwa kama ya kuaga, jina lake likiwa ni heshima anayopewa profesa aliyestaafu, na ilikuwa ya mwisho kwake na Rap-A-Lot. Ina nyimbo nzuri, ukiwemo mmoja na Lil Wayne na Bun B, lakini hasira ya mtu aliyechoshwa na biashara imeijaa hadi mashairi yanabanwa.

Alikaa kimya karibu miaka 7 kabla ya Deeply Rooted, aliyoitoa chini ya lebo yake mwenyewe, Facemob, Septemba 2015, akikaribia miaka 45. Humo ndimo mzee wa mtaa anazungumza kikamilifu. Nas, Rick Ross na Z-Ro wanasikika katika "Do What I Do", na John Legend anaimba katika wimbo ulioitwa "God", neno hilo moja tu. Sauti imeshuka zaidi, maneno yamepungua, na anayeyasema hana haja tena ya kututisha wala ya kutuomba tumpende. Siiweki sawa na The Diary, kwa sababu sehemu ya katikati inalegea, lakini ni nadra kusikia rapa wa umri huo anayeandika kuhusu umri huo.

Yaliyofuata hayako katika albamu, ila yanaangaza zile ulizonazo. Juni 2019 Bushwick Bill alifariki kwa saratani ya kongosho. Mwaka huo huo Scarface, kwa jina lake la Brad Jordan, aligombea kiti cha baraza la jiji la Houston katika wilaya ya kusini inayojumuisha mitaa aliyokulia, akafika duru ya pili na kushindwa. Mwaka 2020 aliugua UVIKO-19, figo zake zikashindwa kufanya kazi, akaishi kwa kusafishwa damu hadi 2021, mwanawe alipomtolea figo. Ule wimbo wa "Now I Feel Ya", ulioandikwa na baba wa miaka 22, unasikika tofauti ukishajua hilo.

Kabla hujaanza albamu hata moja, tafuta onyesho alilolifanya katika ofisi za redio ya NPR mjini Washington, lililotoka mwishoni mwa 2023 katika mfululizo wa Tiny Desk. Yuko na bendi ya vyombo hai, Mike Dean akiwa miongoni mwao, na gitaa lake mwenyewe mikononi. Nyimbo za 1991, 1994 na 2002 zinapigwa mfululizo ndani ya chumba kimoja, kwa sauti moja ya mtu wa miaka 53, na hazigombani. Ukimaliza, fungua The Diary uisikilize kuanzia utangulizi hadi tamati bila kuruka, na kama Kiingereza cha Houston kitakupa shida mwanzoni, soma mashairi kwa maandishi huku unasikiliza. Scarface hutamka waziwazi kuliko wenzake wengi wa Texas, na baada ya mara mbili au tatu sikio litakuwa limeshazoea.